Sekunde za Chih-yao

Wanawake wengine huwashuku waume zao kwa sababu ya simu, manukato au shati lililorudi na doa. Mimi nilimshuku wangu kwa sababu ya sekunde kumi na mbili.

Najua nitaonekana mbaya kabla sijafika mbali, basi nianze na kazi yangu. Nafundisha watoto kuogelea kwenye bwawa la wilaya hapa Sanchong, na saa ya kuhesabia mbio hainitoki shingoni. Wazazi wananichukia kwa ajili yake. Mama mtu anakuja mbio kando ya bwawa: "Mwalimu Hsia, leo mwanangu kapunguza sekunde mbili nzima, nimeona kwa macho yangu!" Hujaona kitu, mama, umemwona mwanao. Kidole changu hakina mtoto.

Saa hiyo alinipa Chih-yao, mume wangu, ambaye namwita Yao. Tulikutana nikiwa mwanafunzi, kwenye mashindano ya vyuo, yeye akiwa mshika saa wa kujitolea katika mstari wangu. Niligusa ukuta, kocha akaruka akipiga kelele kwamba nimevunja rekodi, mshika saa wa pili akakubali haraka haraka ili watu wafurahi. Kijana mwembamba mwenye miwani akasema, "Hapana. Bado kidogo." Ukumbi mzima ulimzomea, hakubadilisha. Nilimwita chura mbele za watu. Halafu nikamtafuta ili niendelee kumtukana, tukajikuta tunakula tambi pamoja, na hadi leo nasema sikuolewa na uso wake wala kazi yake ya kutengeneza lifti. Niliolewa na kidole kile.

Kwa hiyo mtu anielewe. Kama kidole kile kimeanza kuiba, mimi nimebaki na nini?

Chini ya nyumba yetu, mahali ambapo majirani wanaegesha pikipiki, Yao ameweka meza, na kila Jumapili mchana tunatesa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iende kasi kuliko ilivyoundwa. Prosesa inafanya kazi kwa mapigo. Kuna pigo la msingi, na kuna namba ya kulizidisha. Kiwanda kikitaka kuuza kitu kilekile kwa bei mbili, kinaifunga namba hiyo kwenye zile za bei ya chini, usiweze kuigusa. Mwenye pesa ananunua isiyofungwa, anaongeza namba, anajiita fundi. Yao anawadharau watu hao. Yeye anapenda zilizofungwa, tena kuukuu, zile ambazo ofisi zimezitupa. Hapo umebakiwa na pigo la msingi tu, na pigo hilo ndilo linalochezesha kila kitu mle ndani. Ukilipandisha, vyote vinapanda pamoja, na kimojawapo kikishindwa, vyote vinaanguka.

"Ni kama kumharakisha bi harusi na ukoo wake wote," anasema.

Mapigo yakipanda sana, prosesa inachemka na feni haifui dafu. Hapo naingia mimi na termosi ya naitrojeni ya maji, baridi kuliko barafu yoyote. Tunakuwa tumeshaupaka ubao wa kompyuta vazelini usiingie unyevu, nami namimina kwenye kikombe cha shaba kilichokalia prosesa, kidogo kidogo, moshi mweupe ukitambaa hadi miguuni. Nikizidisha inaganda, nikipunguza inaungua. Yao anashika vitufe, mimi nashika baridi, na kwenye picha ya ushindi yanaandikwa majina yote mawili.

Majina ndiyo kila kitu katika mchezo huu. Mwaka juzi jamaa mmoja wa Taichung alikamatwa na prosesa ya sampuli ya kiwandani, ambayo namba yake haijafungwa, maandishi ameyakwangua. Hakuna aliyemwita polisi. Walifuta jina lake kila mahali, na tangu siku hiyo akikaa mezani wenzake wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Mke wake alikuwa mmiminaji kama mimi. Simwoni tena hata sokoni.

Basi mvua za Mei zilikuwa zimeanza, tunajiandaa kwa mashindano ya Juni kule Nangang, daraja la prosesa kuukuu zilizofungwa. Kipimo chetu ni programu inayotafuta tarakimu za pai, ile namba ya duara isiyo na mwisho, mamilioni yake. Ikimaliza, mashine inaandika muda iliotumia, na muda mfupi ndio ushindi. Prosesa yetu ilikuwa imegota mahali pamoja tangu mwaka mpya, haisogei hata kwa dawa.

Jumapili hiyo Yao alifanya jambo jipya. Siku zote huiamsha mashine taratibu, kisha anapandisha mapigo kwa kidude chenye vitufe viwili, cha kujumlisha na cha kutoa. Safari hii aliiamsha juu kabisa, ikawa inatetemeka, nusura ife mikononi mwetu. Kisha akabonyeza kitufe cha kutoa. Akabonyeza tena, na tena. Akaushusha mwendo, ndipo akaanzisha kipimo.

Mashine ikaandika muda mfupi ambao hatujawahi kuuona.

"Mama wee!" Alinikumbatia na glovu zake za vazelini. "Umeona? Umeona, Hsia?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa pia nimebonyeza saa yangu, tena si kwa ubaya, ni mazoea tu. Kitu kikianza, kidole kinabonyeza. Na saa yangu ilisema kwamba hatujapunguza chochote. Ilisema tumechelewa kuliko mwezi uliopita. Kati yake na mashine palikuwa na tofauti ya sekunde kumi na mbili.

Mtu mwingine angesema palepale. Mimi nilisema, "Hongera, Yao," nikafunika termosi.

Usingizi ulikuja, lakini kwa shida. Nani anapunguza mwendo akafika mapema? Mtoto wa bwawani akiniambia hivyo namtoa majini. Kesho yake, tunakula, nikamtupia swali kama mtu asiye na haja nalo.

"Mbona siku hizi unashusha?"

"Siri ya jikoni."

"Jikoni naingia mimi, bwana."

Akacheka, akaweka chini vijiti. "Sikiliza. Ukiiamsha juu, kumbukumbu inashika adabu ya mwendo wa juu. Ukiishusha kidogo, adabu inabaki, na mashine haianguki. Unapata vyote viwili."

"Na muda unapungua?"

"Si uliona mwenyewe?"

Si uliona mwenyewe. Hayo ndiyo maneno ya wazazi wa bwawani.

Tangu hapo niliona kila kitu. Simu yake ikilia anatoka ngazini, na nikitokea anashusha sauti. "Nani huyo?" "Mtu wa kazini, lifti imekwama." Lifti gani hiyo inayokwama kila Jumamosi jioni na kumfanya mtu acheke? Alianza kuniagiza chai ya maziwa wakati anapopanga mashine. "Yenye barafu kidogo, Hsia, na usikimbie." Usikimbie! Mimi nikaenda mbio, nikarudi nimeloa, nikamkuta ameinamia meza akiwa na bisibisi mdomoni kama siku zote, na hilo nalo nikaliona la kushukiwa.

Siku aliyokwenda kazini niliitoa prosesa, nikaifuta, nikasoma maandishi yake kwa lenzi ninayotungia uzi. Yalikuwa mazima, hakuna mkwaruzo. Ndiyo ileile iliyofungwa. Badala ya kufurahi nilikasirika zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na mwizi na sijui anapitia dirisha gani. Nikairudisha, nikaipaka vazelini upya, nikanawa mikono mara mbili kama muuaji.

Na kila Jumapili nilimpima. Saa niliihamishia ndani ya koti asiione. Mkono mmoja unamimina, mwingine uko mfukoni unabonyeza. Kila Jumapili mashine ilisema lake na saa ikasema lake, na kila Jumapili mume wangu alinigeukia na uso wa mtoto aliyepata zawadi. Huo uso ndio ulionichoma. Nilijiambia, kama anaweza kudanganya kwa uso ule, basi miaka yote hii nimelala na mtu nisiyemjua.

Siku ya mashindano ukumbi wa Nangang ulikuwa umejaa. Meza yetu ilipangwa jirani na ya Ou Wen-lung, muuza bodi za kompyuta za mitumba, mnene, mdomo haufungi, bingwa wa miaka miwili mfululizo. Simpendi Ou. Aliwahi kuazima kikombe chetu cha shaba akakirudisha kimebonyea, akasema kilibonyea chenyewe.

"Shemeji!" aliniita kabla sijaweka mfuko chini. "Mwaka huu unamimina naitrojeni au supu?"

"Nitakumiminia wewe tumboni, upungue."

"Ah, Kaka Yao, mtulize mkeo, nimekuja kwa amani." Akaipangusa pakiti yake ya kijani ya vitafunio vya nazi, akaiweka juu ya mashine ili iwe na adabu, maana mafundi wa hapa wanaamini pakiti hiyo inaituliza mashine mradi muda wake haujaisha. Nilichungulia tarehe. Ilikuwa bado haijapita. Ningefurahi ingekuwa imepita.

Ou alitangulia. Mke wake alishika termosi, yeye akashika vitufe, nami nikasimama nyuma yao, mkono mfukoni. Aliiamsha mashine juu kabisa. Ikatetemeka. Halafu kidole chake kinene kikaenda kwenye kitufe cha kutoa, kikabonyeza, kikabonyeza tena.

Alipomaliza, muda wake uliandikwa kwa tarakimu kubwa ukutani, watu wakapiga makofi, nami nikaitazama saa yangu ndani ya koti. Pengo ni lilelile, labda sekunde moja zaidi au pungufu.

Basi ndiyo hiyo lifti iliyokwama! Simu za ngazini zilikuwa za Ou. Walikuwa wawili. Wamekaa wamepanga, mmoja ashinde mwaka huu, mwingine mwakani, na mimi na yule mama mwenzangu tunamimina tu kama mabomba.

Zamu yetu ikafika. Sijui nilimiminaje. Yao aliamsha, akashusha, akaanzisha, akanikonyeza. Mashine ikaandika muda uliompita Ou kwa kitambo kizuri, na ukumbi ukalipuka. Ou mwenyewe alikuwa wa kwanza kumpiga Yao mgongoni, akicheka kwa moyo mweupe, jambo ambalo pia sikuliamini. Waamuzi walikuwa bado wanapiga picha ya skrini. Nikamshika mume wangu mkono, nikamvuta nyuma ya pazia, penye mitungi ya gesi.

"Unaibaje?" nilimwuliza.

"Naiba nini?"

"Usinifanye mjinga, Yao. Wewe na Ou. Unaibaje?" Nikaitoa saa kotini, nikamwekea mbele ya miwani. "Huu ndio muda wako. Na ule ukutani ni wa nani?"

Niliungoja uso. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila uso: wa hasira, wa kucheka, wa kuomba msamaha. Alitazama saa, akatazama kidole changu, kisha akauliza kitu kimoja tu. "Ulibonyeza wakati mmoja na mimi?"

"Kidole changu unakijua."

"Nakijua," akasema, akatoka mbio.

Nilimkuta mbele ya mashine yetu, moshi bado unatambaa, ameiweka simu yake kando ya skrini, anatazama saa ya simu na saa ile ndogo ya pembeni ya skrini. Nami nikatazama. Saa ya mashine ilikuwa inakokota mguu. Simu inafika dakika, yenyewe bado inakuja. Damu ilimtoka usoni nikiona, na nikajua, kama ninavyojua maji, kwamba mtu huyu ndiyo kwanza anagundua.

"Inapoamka inahesabu mapigo," alisema polepole, kama anayejisomea. "Inakariri, sekunde moja ni mapigo haya. Nikishusha baadaye, mapigo yanakawia, na yenyewe haina habari. Inangoja mapigo yaleyale. Sekunde yake inakuwa ndefu." Akavua miwani. "Ule mfumo wa zamani wa kuendesha mashine haukuwa hivi. Huu mpya... Hsia, mashine inajisahihishia mtihani yenyewe."

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kulia kwa raha, hapohapo, mbele ya watu. Mume wangu si mwizi! Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia twende kwanza nje tupumue, lakini alikuwa ameshafika kwa waamuzi.

"Futeni muda wangu," aliwaambia. "Si wa kweli."

Nao hawakuelewa, akawaonyesha. Akaeleza tena na tena, sauti yake ileile ya kijana wa mstari wa bwawa, huku watu wakianza kuguna. Maana ukifutwa wetu, unafutwa na wa Ou, na wa kila aliyeamsha juu akashusha, na walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Yao alikuwa amewafundisha nusu ya klabu yetu ya mchezo huu.

"Kaka Yao, umekunywa nini?" Ou alikuwa amewiva kwa hasira. "Wewe ndiye uliyenifundisha kwa simu, kila Jumamosi, 'Wen-lung, amsha juu, shusha kidogo.' Na ukaniambia nisimwambie shemeji, atakuchinja akijua unanisaidia mimi. Leo mbele ya watu unaniita mwizi?"

"Sijakuita mwizi. Mimi pia sikujua."

"Nani kakwambia basi?"

Yao alinyoosha mkono kunielekea, kwa fahari, naapa ilikuwa kwa fahari. "Hsia. Kapima kwa mkono."

Ou akanigeukia. Ni mnene, si mpumbavu. Aliitazama saa iliyoning'inia, akautazama mfuko wa koti langu, na akauliza swali ambalo mume wangu hakuwa amelifikiria.

"Shemeji, umejua leo? Au tangu lini?"

Ningeweza kusema leo. Neno lenyewe fupi. Lakini Yao naye alikuwa amegeuka, ananitazama, anangoja tu nijibu ili aendelee kunionea fahari.

"Tangu mvua zilipoanza," nilisema.

Mke wa Ou alianza kufunga termosi yake. Yao alivaa miwani, akarudi kwa waamuzi kumalizia maelezo yake, na hakunitazama tena mpaka tulipofika nyumbani.

Wali wa nyama niliununua njiani. Ulipoa mezani. Niliongea mimi, niliongea sana: kwamba jina lake sasa ni safi kuliko la mtu yeyote, kwamba wale wanaonuna watanuna mpaka wachoke, kwamba Ou mwenyewe atakuja na maneno yake wiki ijayo. Yao alikuwa anachambua nyama kutoka kwenye wali, anairundika pembeni, hali.

"Ungesema tu," alisema mwisho. "Jumapili ile ya kwanza. 'Yao, mashine yako haijui saa.' Ningecheka mpaka nianguke. Tungekaa chini tukaitafuta pamoja."

"Nilitaka nipate uhakika."

"Uhakika wa mashine ulikuwa nao siku ileile, Hsia. Kidole chako hakikosei." Alisukuma bakuli. "Wiki zote hizo ulikuwa unanipima mimi."

Nilitaka kumwambia kuhusu uso wake, jinsi ulivyonitesa. Nilitaka kumwambia niliogopa kwa sababu nampenda. Vyote vilikuwa kweli na vyote vilinuka kama utetezi. Alinyanyuka akaosha bakuli lake, na langu pia akaliosha.

Jumapili iliyofuata nilidhani hatashuka. Alishuka. Alipanga ubao, akaupaka vazelini, akafunga kikombe cha shaba. Hakuniagiza chai. Nilivaa glovu, nikanyanyua termosi, nikasimama mahali pangu, upande wake wa kulia, kama miaka yote.

"Saa," alisema.

Nilidhani anataka tupime pamoja, mashine na mkono, ili tusidanganywe tena. Nikaivuta kutoka ndani ya blauzi na kuweka kidole tayari.

Yeye akanyoosha kiganja.

Niliivua shingoni nikampa. Alifungua droo ya bisibisi, akaiweka mle ndani, akaifunga droo kwa goti.

"Sasa mimina," akasema, na mimi nikamimina.